Meneja katoka, kasafiri, au yuko ofu?

Mwaka wangu wa mwanzo mapokezini, katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe ambayo sitaitaja, nilimkalisha mzee mmoja wa Kiingereza barazani kwa muda wa saa mbili na nusu kwa kosa la neno la herufi tatu. Alimtaka meneja. Meneja alikuwa Pemba, kenda mazikoni Mkoani, na sote tulijua harudi mpaka khitma isomwe. Nikamjibu kwa tabasamu: "He is out." Mzee akashukuru, akakaa, akafungua gazeti lake. Nikampa kahawa, kisha nikampa ya pili. Ya tatu akaikataa, akaniuliza kwa upole kama meneja ndiyo kawaida yake kuchelewa hivi akenda kula. Nilipomwambia yuko Pemba hadi keshokutwa, alilikunja gazeti lake polepole, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka likawa kama sambusa.

Uongo sikusema, maana meneja kweli hakuwemo. Tatizo ni kwamba nilifikiri kwa Kiswahili nikanena kwa Kiingereza.

Sisi mtu akipiga hodi na anayemtaka hayupo, tunapambanua mahali. Hayupo hapa, hayuko huko, hayumo ndani: silabi moja ya mwisho inatosha. Mambo ya muda na sababu yanakuja baadaye, kwa kuulizana: kenda wapi, anarudi lini, salama lakini? Mwingereza yeye muda na sababu ameshavitia ndani ya kile kijineno. Ukishakitamka, kwake umeshajibu maswali yote, ndiyo maana yule mzee hakuuliza kitu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza kazi ya mapokezi, ya ofisini au ya kutembeza wageni ni huu: kabla hujafungua mdomo, jiulize mtu huyo atarudi lini na kimemtoa nini. Usitafsiri "hayupo" hivihivi, chagua baina ya "out", "away" na "off".

"Out" mimi naishika kwa maji kupwa. Waingereza wenyewe husema "The tide is out". Aliyekulia Paje au Jambiani anajua picha hiyo: bahari imejivuta mbali, akinamama wa mwani wameteremka mashambani mwao, na hakuna anayedhani bahari imehama. Baada ya saa sita hivi, maji yamejaa tena. Mtu aliye "out" ni hivyohivyo, katoka kidogo, kenda sokoni Darajani, benki, kula. Mgeni akisikia hivyo ana haki ya kukaa akangoja.

"Away" ni ugenini. Wapenda mpira hawahitaji somo hapa, mechi ya "away" wanaijua tangu utotoni. Mtu kafunga mkoba, kavuka, atalala huko. Meneja wangu alikuwa "away", basi, na lau ningesema hivyo yule mzee angekuwa zake Forodhani mapema.

"Off" ndiyo yenye visa. Upande wa kazi tunaijua, kila mfanyakazi wa hoteli husema "leo niko ofu", na Kiingereza chake ni hichohicho: "She is off today", yaani si zamu yake. Akiwa mgonjwa, Mwingereza atasema "off sick", Mmarekani aghlabu "out sick", usishangae. Lakini neno hili ukilitoa kwa watu ukalipeleka jikoni, jihadhari. Siku moja pweza alikwisha mapema, nami kwa kujiamini kwangu nikawatangazia meza nzima ya Waingereza: "The octopus is off." Mama mmoja aliyekuwa kishaletewa sahani yake akaacha uma hewani. Akamtazama pweza. Akanitazama mimi. Kwa Waingereza chakula kilicho "off" huweza kuwa hakipo leo, na huweza kuwa kimeoza! Ilibidi mpishi atoke mwenyewe kuapa kwamba pweza yule kavuliwa asubuhi. Tangu siku hiyo kitu kikimalizika nasema "We are out of octopus", na hapo "out of" haina ahadi yoyote ya kurudi, maana yake kimekwisha. Mashine au choo kikiharibika ni "out of order". Harusi ikivunjika ni "off", na hiyo naomba usiikosee mbele ya watu.

Na hata ile kanuni yangu ya maji kupwa isishikwe kama aya. Umeme ukikatika wenyewe husemwa "The power is out", na tuliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotujia kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipotukatikia, tulikaa "out" karibu miezi mitatu, tukivuta maji visimani huku majenereta yakinguruma Mji Mkongwe kucha. Ukisema "off", wengi watahisi kuna mtu kaenda kuzima swichi.

Kuna na "outside". "Meneja yuko nje" ukiigeuza "He is outside", umemwambia mgeni kuwa meneja kasimama mlangoni. Nimemuona mgeni akitoka, akichungulia kichochoroni kushoto na kulia, akarudi kuniuliza ni yule muuza kofia au yule mwenye vespa.

Hatari zaidi ni kitenzi. Mwenzangu mmoja, alipoulizwa habari za mlinzi wetu mzee aliyependwa sana na wageni, alijibu "He has left us." Mlinzi alikuwa kapata kazi nyingine Nungwi, mzima wa afya. Mgeni machozi yakamlenga. Tulicheka sana, lakini sisi nasi tuna mtego huohuo: "ametoka" na "ametutoka" vinapishana kwa silabi moja tu, na ya pili watu huitikia kwa inna lillahi. Kila nikikasirishwa na vijineno vya Kiingereza naikumbuka hiyo, hasira inapungua.

Linalobaki ni hii "-ni" yetu, inayobeba kila kitu. Kikaoni, likizoni, chakulani, simuni: kiambishi kimoja, hatuna taabu. Kiingereza kinavigawa, na hapa sikupi kanuni kwa sababu mimi mwenyewe nilikariri tu, kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha skuli: "in a meeting", "on leave", "at lunch", "on the phone". Ukisema "in leave" utafahamika, ila utasikika kama ulivyo, umetoka kwenye "likizoni".

Siku hizi mambo mengi ni kwa barua pepe, na watu huweka lile jibu la kujituma lenyewe. Andika "I am away" ikiwa umesafiri, "out of the office" ikiwa hutaki kusema uko wapi. Ila usiishie kwenye "until Monday". Niliandika hivyo nilipokwenda kwetu Wete kwa Idi, wakala mmoja akanipigia Jumatatu asubuhi akinitarajia mezani, na mimi ningali kwenye boti, baina ya Pemba na Nungwi, simu inakatakata. Sasa naandika siku ninayorudi kazini na tarehe yake: "Back on Tuesday", kisha namba ya tarehe.