Yusuf alikimbilia wapi? Barua zenu kuhusu Peponi na mashairi yasiyo na vina

Wapenzi wasomaji, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinahusu vitabu mlivyosoma karibuni, nimefurahi kweli. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana imenirudisha kwenye kitabu ambacho nimegombana nacho miaka mingi.

SWALI: Anti shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, nipo Shinyanga, nauza vifaa vya umeme, kusoma nasoma jioni dukani wateja wakipungua. Nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile ya Kiswahili, niliinunua kwa sababu nilisikia mzee huyu ndiye aliyepata Nobel mwaka 2021 na ni mtu wa Zanzibar, nikasema haiwezekani nisimsome. Nimeipenda mpaka kurasa za mwisho. Yaani Yusuf tumetoka naye mbali, katolewa kwao ana miaka 12 kawekwa rehani kwa deni la baba yake, kaenda na msafara bara mpaka kwa chifu anayeitwa Chatu nusura afe, karudi, kampenda Amina, halafu mwisho anawakimbilia askari wa Mjerumani! Wale wale wanaokamata watu! Kitabu nilikibwaga pale kaunta. Amina kamwacha, Khalil mwenzake wa dukani kamwacha. Mimi naona mwandishi alichoka akataka amalize tu. Halafu kuna maneno ya kipwani sana, sisi wa bara tunahangaika. Nimekosea kufikiri hivyo?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea kukasirika, na mimi nilikasirika. Mara ya kwanza nilikisoma kwa Kiingereza, kopi ya kuazima, nikakaa nacho mpaka saa nane usiku nikafika mwisho nikasema huyu mtoto ana nini, nikazima taa sikulala. Ila kilipotoka kwa Kiswahili mwaka 2022 nilikisoma tena na penseli mkononi, na safari hii nilifanya kitu kimoja tu, nilikuwa natia alama kila mahali ambapo Yusuf anachagua jambo yeye mwenyewe. Mwanangu, penseli yangu haikufanya kazi.

Hebu rudi uangalie. Siku anayoondoka kwao hakuna aliyekaa naye akamwambia baba yako anadaiwa na wewe ndiye malipo, yeye anaona anasafiri na ndugu tajiri, yule mfanyabiashara Aziz, tena anapanda treni, mtoto gani hafurahii treni. Anafika dukani ndipo Khalil anamwambia kwa ukali huyo si ndugu yako, mwite Seyyid, yaani bwana mkubwa. Anaachwa kwa Hamid, mwenye duka kule juu milimani, kwa sababu Aziz kasema abaki, anaenda na msafara kwa sababu Aziz kasema aende. Hata uzuri wake si wake, kila mtu anautaka kwa shida zake, mpaka bibi wa ile nyumba anataka kijana amguse uso apone alama yake. Na ile bustani yenye ukuta anayoipenda kuliko kitu chochote, anaingia kwa ruhusa ya mtu.

Sasa mtu anayenikaa moyoni ni Mzee Hamdani, yule mtunza bustani, mtumwa wa zamani. Unakumbuka alipewa uhuru akakataa? Anauliza nani kamwambia huyo bibi kwamba uhuru wangu uko mkononi mwake mpaka anipe. Mimi nilisimama hapo nikafunga kitabu kwanza. Mzee amejipatia uhuru wa ndani, sawa, lakini kaupata kwa kukaa palepale na ndoo zake na maji yake mpaka kufa. Yusuf anamsikia, anamheshimu, ila hawezi kuwa yeye, bado kijana, damu inachemka. Na Khalil naye ni rehani kama yeye na amebaki kwa ajili ya dada yake Amina. Kwa hiyo Yusuf pale ana mifano miwili tu ya kuishi na yote miwili ni ya kubaki ndani ya ukuta wa tajiri.

Ndio maana naomba urudie ule ukurasa wa mwisho polepole, usome kama unasoma meseji ya mtu unayempenda. Askari wamepita na watu waliowakamata, Yusuf anaona mbwa wanakula uchafu ulioachwa kambini na anajiona mwenyewe pale, kisha nyuma yake anasikia kitu kama komeo la mlango linafungwa bustanini. Komeo! Anageuka, anakimbia, macho yanamwasha. Mimi sioni kijana anayewapenda Wajerumani, naona kijana aliyesikia mlango unafungwa akakimbilia upande pekee ambao haukuwa na mlango, na huko nako ni kifo, sisi tunajua kwa sababu tunajua vita ya 1914 iliwafanya nini askari na wapagazi wa nchi hii. Yeye hajui. Hasira yako ni sahihi kabisa ila naona umemtupia Yusuf wakati mwenye nayo ni yule aliyeweka mtoto kwenye daftari la madeni.

Kuhusu mwandishi kuchoka hapo nakukatalia moja kwa moja. Gurnah alitoa kitabu hiki 1994, kikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, halafu miaka 26 baadaye, 2020, akatoa Afterlives na humo yumo kijana anaitwa Hamza ambaye naye alitolewa na baba yake kwa sababu ya deni, naye akaingia jeshini kwa Wajerumani kwa hiari, na safari hii tunaingia naye kambini, tunaona anavyoumizwa, tunarudi naye mjini vita ikiisha. Mtu aliyechoka na stori hairudii baada ya miaka 26. Mimi naona lile swali lako, kijana alikimbilia wapi, lilimkosesha usingizi mwandishi mwenyewe. Kama Kiingereza kinapanda kitafute, utamkuta Afiya, na Afiya ni mwanamke mwenye maisha yake kamili kwenye kitabu.

Nasema hivyo kwa sababu hapo kwa Amina nakubaliana na wewe asilimia mia. Amina wa Peponi kacheleweshwa, anakuja kitabu kinaelekea kuisha, maneno yake machache na kila neno zito, halafu tunamwacha ndani ya nyumba ile. Nimejaribu kumtetea mwandishi, kwamba ndivyo wanawake walivyofichwa enzi zile, lakini moyo haukubali. Nilitaka kurasa 30 za Amina na nitazitaka mpaka nife.

Lugha sasa. Mwanangu usiogope maneno ya pwani. Gurnah aliandika kwa Kiingereza lakini wale watu wake toka mwanzo walikuwa wanaongea Kiswahili vichwani mwetu, Khalil akitukana unasikia kabisa angetukanaje, kwa hiyo Ida Hadjivayanis alipokitafsiri, naye ni mtu wa Zanzibar, mimi nilihisi maneno yamerudi kwa wenyewe. Ukikwama usikimbilie kamusi, soma aya nzima kwa sauti, mara nyingi maana inajileta, isipojileta muulize mtu wa pwani, Shinyanga hawakosekani.

SWALI: Mhariri hujambo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya upili hapa Taita Taveta. Likizo hii nilijipa kazi ya kusoma mashairi ya watu wa juzijuzi, nimesoma N'na Kwetu ya Mohammed Ghassani, Mwanangu Rudi Nyumbani ya Dotto Rangimoto, na Dhifa ya marehemu Kezilahabi. Hizo mbili za kwanza nimezipenda sana. Lakini Dhifa, nisamehe, sikuona vina, sikuona mizani, nikaona kama mtu anazungumza tu halafu anakata mistari. Wanafunzi wangu nao siku hizi wanaandika hivyohivyo kwa sababu ni rahisi. Je haya ni mashairi kweli ama tunadanganyana?

JIBU: Sijambo mwalimu, na hongera kwa kusoma kitu ambacho hakimo kwenye silabasi.

Kwanza nikwambie nilikolelewa ili ujue najibu kutoka wapi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekua nasikia taarabu dirishani kwa jirani na bibi yangu alikuwa na tenzi kichwani kama wengine walivyo na namba za simu, kwa hiyo sikio langu likisikia nane kwa nane na kina kimekaa mahali pake linatulia lenyewe. Sitaki kukudanganya kwamba nayapenda yote sawasawa. Shairi la vina likinikaa, nalibeba miaka.

Lakini mwalimu hii kesi ni ya zamani na wewe unaijua. Sheikh Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mwaka 1954, watu wakazishika kama amana, halafu 1974 kijana wa Ukerewe, huyuhuyu Kezilahabi, akatoa Kichomi, hakina vina, wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, wakawaka moto. Mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi wakaja na Kunga za Ushairi wakasema vina na mizani si roho ya shairi. Ugomvi ukaendelea na Kezilahabi akaendelea kuandika, Karibu Ndani mwaka 1988, Dhifa 2008, mpaka Mungu alipomchukua Januari 2020. Mtu hafanyi kitu kwa zaidi ya miaka 30 kwa sababu ni rahisi.

Mimi kilichonibadilisha ni kusikia. Kuna jioni moja rafiki yangu alinisomea Kezilahabi kwa sauti umeme umekatika, hakuna kitu cha kutazama, nikasikia kwamba pale anapokata mstari ndipo pumzi inapokatika, anakuacha ukining'inia kidogo na ile sekunde unayoning'inia ndiyo inayouma. Nikaelewa kwa nini hakutaka kina, kina kingenishika mkono nivuke salama na yeye hakutaka nivuke salama. Kwa hiyo nakuomba ujaribu darasani, wasomee wanafunzi bila kuwapa karatasi, usiwaambie ni shairi wala si shairi. Halafu wewe mwenyewe soma Dhifa tena, mashairi mawili tu kwa siku, maana nahisi uliisoma kama riwaya ukaimaliza kwa siku mbili.

Kuhusu wanafunzi wako una haki. Kama mtoto anakata sentensi vipande vinne na ukiziunganisha hakuna kilichopotea, basi hajaandika shairi, kaandika sentensi. Mrudishie. Ila na upande wa pili uwe mkali hivyohivyo mwalimu wangu, kwenye bahasha za hapa ofisini napokea mashairi yana mizani 16 kila mshororo huwezi kukosoa hata moja, na ndani hakuna kitu, maneno yamekatwa miguu ili yaingie kwenye kipimo, mapenzi yanafuatwa na machozi kwa sababu ya kina tu. Halafu weka hayo pembeni ya Sauti ya Dhiki, Abdilatif Abdalla aliyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972, vina vimo, mizani imo, na kila ubeti una mtu aliyefungwa ndani anayepumua. Ndiyo sababu nakataa kuulizwa niko upande gani.

Na hizo mbili ulizopenda hujaniambia kwa nini umezipenda, ningetamani sana kujua! Ghassani ni Mpemba anayeishi Ujerumani na kitabu chake ndani ya jina tu kimeshasema yote, sauti ya mgeni ugenini anayesema nina kwetu. Kilipata ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell 2015, na Rangimoto wa Morogoro akaipata 2017 na kitabu ambacho jina lake linamwita mtoto arudi nyumbani. Mmoja anasema ana kwao, mwingine anaita mwana arudi, na ukiweka Peponi katikati una mtoto ambaye kwao pameuzwa. Nilivyoviona vitatu hivi vimepangana kwenye rafu yangu nilikaa chini. Mtu wa Shinyanga kama unasoma hapa, chukua na hivi.

SWALI: Dada habari, nimeangalia filamu ya Vuta N'kuvute nikaipenda mno, zile rangi, ile mvua, ile mitaa. Wenzangu wa chuo wanasema nisisome kitabu nitaboreka kwa sababu stori naijua. Nisome nisisome?

JIBU: Soma mdogo wangu, tena leo. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 nami niliipenda, ila riwaya ya Shafi Adam Shafi ya 1999 ina nafasi ambayo filamu ya saa moja na dakika kadhaa haiwezi kuwa nayo. Kwenye kitabu unakaa na Yasmin siku kwa siku toka anaozwa akiwa binti mdogo kwa Raza, mtu wa umri wa baba yake, unaona jinsi mtu anavyochoka kidogo kidogo mpaka siku anatoka. Unamjua Denge, yule mpinga ukoloni, mpaka unamwogopea usiku. Na yupo Bukheti, naye anampenda Yasmin, ambaye mimi namtetea kila mahali, watu wanamwona kama wa kuziba pengo tu mimi namwona mtu mzima mwenye subira. Zaidi ya wote Mwajuma wa Ng'ambo kule Zanzibar, hana kitu, chumba kimoja, na kinampokea Yasmin bila maswali. Ukifika hapo Mwajuma anapofungua mlango niandikie, nataka kujua kama na wewe utatamani kuwa na rafiki wa hivyo.

Kopi kama hupati ulipo, ukipita Dar ingia TPH Bookshop pale Samora uulize, Peponi nayo mara nyingi wanayo.