Mshahara umekatwa, SHA yasema hujalipa

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu Bima ya Afya ya Jamii ya Kenya, inayosimamiwa na mamlaka ya SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024.

*Mwajiri hunikata kila mwezi. Juzi mtoto aliumwa, hospitali ikasema sijalipa. Nifanyeje? – Bawabu, Nakuru*

Kaka, kukatwa ni jambo moja, pesa kufika SHA ni jingine. Mwajiri hukata asilimia 2.75 ya mshahara wako wote (ukilipwa Sh20,000 ni Sh550) na anatakiwa kuziwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Bonyeza *147# kwenye simu leo uone kama zimefika, usingoje homa ya usiku. Pesa zikiwa hazijafika, mwandikie mwajiri barua, uambatanishe hati zako za mshahara, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usikubali "tutaangalia". Akikupiga chenga, peleka nakala hiyo ofisi ya SHA iliyo karibu nawe. Enzi za NHIF niliwahi kukuta michango yangu ya miezi mitatu haionekani. Nilikuwa nimelalamika kwa mdomo mara nne bila jibu, lakini barua yenye muhuri ilijibiwa wiki hiyo hiyo.

*Nauza mboga Kongowea. Kwa nini mwenye mshahara alipe kila mwezi, mimi nilipe mwaka mzima kwa mkupuo? – Mama mboga, Mombasa*

Ndivyo sheria ilivyoandikwa, mama, nami siipendi sehemu hiyo: sukuma wiki huuzwa kwa siku. Kiwango chako hutokana na maswali unayoulizwa kuhusu nyumba, maji, mali na kadhalika, na hakishuki chini ya Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Ukiona umepandishiwa, rudi ofisini uombe majibu yako yapitiwe upya. Upo pia mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ila ujue ni mkopo.

*Nimejisajili lakini sijalipa. Zahanati itanifukuza? – Kijana, Busia*

La. Zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na serikali kupitia mfuko wa afya ya msingi.

*Ndugu yangu aligongwa na bodaboda, damu inamtoka, hospitali ikadai amana kwanza. Ni halali? – Msomaji, Thika*

Si halali, awe na bima au asiwe nayo. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inatoza hospitali yenye uwezo wa kutibu na ikakataa faini isiyozidi Sh3 milioni. Wakikataa, andika saa, jina la aliyekujibu na maneno yake. Bili itakuja baadaye, na deni ni deni, lakini wasimfungie wodini: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha Katiba.