Usibadilishe Redio Kwanza

Wiki hii nimeingia stoo nikakuta redio tatu za intaneti, zile tunazofunga kwenye nguzo ya mteja kupokea signali ya mnara, zilizorudishwa kutoka kwa mteja mmoja wa Kimara, zote zimeandikwa "mbovu" kwa kalamu ya maka. Nimeziwasha mezani moja baada ya nyingine. Zote nzima. Kibovu kilikuwa RJ45, plagi ya kebo ya mtandao, ile ya juu kwenye nguzo, imeingia maji mpaka shaba imeota kijani. Mteja amekaa siku tisa bila intaneti ya kueleweka, na kwenye tiketi, yaani rekodi ya malalamiko yake, kuna neno moja limeandikwa mara tatu: "imebadilishwa".

Vijana wangu, nawapenda, na mnapanda nguzo vizuri kuliko nilivyopanda mimi nikiwa na umri wenu. Lakini hili la kubadilisha kwanza na kupima baadaye linanikosesha usingizi, kwa sababu najua linakoishia. Someni haya kabla ya kufunga mkanda kesho.

1. Ukifika kwa mteja, weka Wi-Fi yake pembeni. Laptopu yako, kebo yako fupi, moja kwa moja kwenye adapta ya PoE, ile inayopeleka umeme kwa redio kupitia kebo ya mtandao. Piga pingi, ule ujumbe mfupi wa kupima kama njia inajibu, ya mnarani kwanza, halafu ya nje kwenye intaneti. Mnarani pakiwa safi na nje kunakatika, huna kazi juu ya paa, wapigie walio zamu ofisini. Kuna mama wa Sinza alilalamika miezi miwili, tukamhamisha sekta (antena ya mnarani inayohudumia upande mmoja) mara mbili, kumbe ruta aliiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya masufuria, ili watoto wasiichezee. Hakuna aliyemuuliza ruta iko wapi. Alinikaribisha chai, nikaiona mwenyewe alipofungua kabati kuchukua vikombe.

2. Piga hesabu ya signali kabla ya kutoka ofisini. Kilomita 4 kwa 5.8 GHz, hewa inakula karibu dB 120 (dB ni kipimo cha kuongezeka au kupungua kwa signali, dBm ni cha nguvu yake). Ukirusha dBm 24, sekta ikaongeza 16 na dishi la mteja 23, utegemee kuona karibu -57. Ukiona -72 na njia iko wazi, huenda umeshika mwali wa pembeni wa dishi, si wa katikati. Zungusha taratibu kushoto na kulia mpaka upite vilele vidogo viwili na kikubwa kimoja katikati yake. Wengi mnakaza bolti kwenye kilele cha kwanza mnachokutana nacho kwa sababu jua ni kali. Jua nalijua. Vumilia dakika kumi zaidi.

3. Kuuona mnara kwa macho hakutoshi. Kwa kilomita 5, eneo la Fresnel, yaani nafasi inayozunguka mstari wa signali ambayo nayo inatakiwa iwe wazi, katikati ya njia lina nusu kipenyo cha mita 8 hivi, na unahitaji karibu mita 5 ziwe wazi. Mwembe wa Januari na mwembe uliolowa mvua ya masika ni miti miwili tofauti.

4. Angalia redio imewaka kwa muda gani tangu ilipozimika mara ya mwisho. Ikisema dakika 12, tafuta umeme: adapta iliyochoka, kebo ya mita 80 inayokula volti, soketi inayolegea. Ikisema siku 40 na mteja anasema jana ilikata mara nne, basi si umeme wa redio, wala hakuna aliyechomoa adapta yake. Namba hii iko ukurasa wa kwanza kabisa ukiingia kwenye redio. Nairudia kwa sababu mimi sikuiangalia, na aliyeumia ni mtu mwingine.

5. Andika saa. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini. Tulikuwa na hoteli ndogo ya ufukweni Mbezi Beach, tumeilisha kutoka mnara wa Masaki, njia inakatiza Ghuba ya Msasani, karibu kilomita 7 za maji matupu. Hakuna mti, hakuna jengo. Linki, yaani muunganisho wa redio mbili, nzuri mno, ndivyo tulivyosema siku ya kuifunga. Baada ya wiki chache simu zikaanza: inakatika asubuhi, inarudi yenyewe, inakatika tena usiku. Nikaenda. Nikafika saa sita mchana, nikabadilisha redio, ikashika, nikafunga tiketi. Kesho yake simu. Nikabadilisha kebo, ikashika. Kesho kutwa simu tena. Nikabadilisha adapta, na mkono wangu ulipotoka tu kwenye soketi linki ikarudi.

Hapo nikajenga picha kichwani. Adapta ilikuwa nyuma ya kaunta ya mapokezi, na kijana wa mapokezi alikuwa na simu isiyokaa chaji. Nikamwambia meneja, mbele ya kijana mwenyewe, kwamba naamini anachomoa adapta ili achaji simu. Kijana akasema, "Kaka, mimi sijagusa." Sikumjibu. Ukurasa wa redio ulikuwa wazi kwenye laptopu yangu wakati ule ule, na baadaye nilipotazama logi, kumbukumbu za redio, nilijua ilichokuwa inasema: mpaka nilipoizima mwenyewe kubadilisha adapta, ilikuwa imewaka siku mbili mfululizo bila kuzimika hata mara moja, ilhali linki ilikuwa imekata mara nne. Ushahidi wa kumtetea ulikuwa mikononi mwangu. Sikusoma.

Wakamwondoa kazini ile ile wiki. Na linki ikatulia. Siku tano, sita, haijakata hata mara moja. Nikawa nawasimulia wenzangu ofisini jinsi nilivyomnasa.

Siku ya nane ikaanza upya, na kijana hayupo.

Safari hii nikakaa pale na daftari. Kila ikikata naandika saa, kila ikirudi naandika saa. Siku ya kwanza saa nne asubuhi na saa nne na ushei usiku. Ya pili, saa nne na nusu. Ya tatu, saa tano na robo. Inakata, inapita saa moja hivi, inarudi, na kila siku inachelewa kidogo kuliko jana. Nilikuwa nimekaa mlango wa jikoni, na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akileta changu na tasi akauliza naandika nini. Nikamsomea. Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, hizo ni saa za maji kupwa. Hii ni bamvua."

Ilikuwa bahari. Signali inafika kwa njia mbili, moja ya moja kwa moja na nyingine inayodunda juu ya maji. Wimbi la 5.8 GHz lina urefu wa sentimita 5 tu. Maji yakishuka mita 3, tofauti ya njia hizo mbili inabadilika kwa sentimita kadhaa, na yapo mahali ambapo mawimbi yanafika yakipingana na kuuana. Kwa kimo cha dishi letu, mahali hapo palikuwa maji yanapokupwa kabisa, na yanakupwa hivyo wakati wa bamvua tu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Zile siku za utulivu nilizojisifia zilikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haikupwi sana. Na kila "nilipoponya" linki saa sita mchana, bahari ndiyo iliyokuwa inarudi.

Tuligeuza dishi, tukailisha hoteli kutoka mnara wa upande wa Goba, njia ya nchi kavu. Haikukata tena. Nikaenda kwa meneja nikamweleza yote, nikamwomba amrudishe yule kijana. Nafasi ilikuwa imeshajazwa. Nilipata namba yake nikampigia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuambia, kaka," akakata.

Kwa hiyo msinilaumu nikikataa tiketi isiyo na saa ndani yake.

6. Kebo ikunje kitanzi chini ya redio ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye plagi, na ukiona poti imeshuka hadi Mbps 10, kagua plagi kabla ya kulaumu hewa.

7. Kelele za redio nyingine hewani zikiwa nyingi, punguza upana wa chaneli kutoka MHz 40 hadi 20 kabla ya kuomba dishi kubwa. Na linki inayopotea dakika moja kamili kisha ikarudi kwenye chaneli nyingine, huenda imesikia rada: kwenye chaneli zinazotumiwa pia na rada redio lazima inyamaze na kusikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha tena, na kwenye zile za rada za hali ya hewa ni dakika 10.

Redio tatu za Kimara ziko rafu ya pili, nimefuta lile neno kwa spiriti. Aliyezirudisha anajijua, simtaji. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda wote kwa mteja yule, na kabla ya kugusa nguzo tutamwomba radhi. Aje na koleo la RJ45, plagi mpya, na daftari.