Jibu: kwa nini nyumba za Ngamiani hubadilika na barabara zake zikabaki

Ndugu, umeuliza kwa nini nyumba nyingi za Ngamiani hapa Tanga zimegeuka maduka na maghorofa, ilhali barabara zake zinazoitwa kwa namba zimebaki pale pale. Jibu liko kwenye kiwanja. Mtaa uligawanywa katika viwanja vidogo, kila kimoja na mwenyewe, na kwa sababu hiyo kila mwenye nyumba ameweza kujenga kwa wakati wake, kadiri ya fedha na haja yake, bila kumsubiri jirani wala kugusa barabara.

Nyumba ya Kiswahili nayo hupokea mabadiliko kwa urahisi: ina ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma, hivyo chumba cha mbele hutobolewa mlango wa barabarani kikawa fremu ya duka, wapangaji wakakaa vyumba vya ndani, kisha vikaongezwa vyumba vingine uani. Ghorofa huja mwisho, na hapo ndipo ninapoona hasara kubwa, kwa kuwa ua uliokuwa ukipitisha hewa na kunywa maji ya mvua huzibwa kwa zege.

Majengo ya katikati ya mji, yenye maduka chini na makazi juu, yalikwenda njia nyingine. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mpangaji hana sababu ya kuongeza chumba kwenye jengo lisilo lake.