Tangazo hukaa siku 14, maandalizi yake ni ya miezi

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kurudi nyumbani Tanga, nanyi mnaokuja mjini kwetu kwa ajili ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, asalaam aleikum na shikamooni wakubwa mliomo humu. Kazi yangu ni ya utumishi. Barua za maombi ya kazi hupita mikononi mwangu, na ninapoiweka barua pembeni, mara nyingi si kwa sababu mwombaji hakusoma vizuri. Ni kwa sababu jambo lililohitaji miezi alilianza wiki ile tangazo lilipotoka.

Matangazo mengi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hukaa wazi kwa takriban siku 14. Kampuni binafsi huweza kukupa wiki moja tu. Muda huo unatosha kuandika barua na kupakia viambatisho. Hautoshi kurekebisha jina, wala kutafuta mtu wa kukudhamini.

Anzeni na majina. Nitalisema hili kwa kirefu kwa sababu kwetu pwani limewaliza wengi. Binti anaitwa Mwanaidi Athumani Shabani, ndivyo cheti cha kuzaliwa kinavyosema. Shule ya msingi wakamwandika Mwanaid Athuman. Kidato cha nne likaenda hivyo hivyo, chuo kikafuata cheti cha kidato cha nne, na siku ya kujiandikisha NIDA, kwenye kitambulisho cha taifa, akaandikwa kwa jina la babu badala ya la baba. Mtaani, kuanzia Ngamiani hadi Mikanjuni, kila mtu anajua huyu ni mmoja. Anayekagua vyeti hajui, na hana ruhusa ya kukisia. Kumbukeni pia kwamba namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Tarehe ikitofautiana na ya cheti cha kuzaliwa, inaonekana papo hapo.

Basi chukua vyeti vyako vyote, vitandaze mkekani, usome herufi kwa herufi. Kosa la cheti cha kuzaliwa lipeleke RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, la kitambulisho lipeleke NIDA. Jina la cheti cha kidato cha nne ni gumu kuligusa, kwa hiyo tazama kwanza kama mengine yanaweza kuletwa yalifuate. Yasipolingana hata hivyo, nenda kwa wakili akuandalie hati ya kisheria ya majina, kisha isajiliwe. Kuna gharama na kuna kusubiri. Fanya ukiwa bado mwaka wa pili au wa tatu, wakati hakuna tangazo linalokukimbiza.

Cheti halisi cha chuo nacho kifuatilieni mapema. Matangazo ya Sekretarieti husema wazi kwamba hati za matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Aliyesoma shahada nje ya nchi anahitaji uthibitisho wa TCU, tume ya vyuo vikuu, na aliyesoma sekondari nje anahitaji wa NECTA, baraza la mitihani. Nakala zithibitishwe na wakili, kisha ziskaniwe zikiwa zimenyooka na zinasomeka. Picha ya cheti iliyopigwa na simu huku kivuli cha mkono kikifunika alama inamchosha msomaji, na msomaji huyo ana mamia mengine ya kusoma.

Sasa wadhamini. Tangazo litakutaka watatu, na naona wengi wakiandika jina la mhadhiri aliyewafundisha ukumbini wakiwa wanafunzi mia tatu. Mhadhiri huyo akipigiwa simu atasema nini? Mdhamini mzuri kwa mhitimu mpya ni yule msimamizi wa fildi, na fildi ndiyo wengi wanaoichezea. Mji wetu una msemo, waja leo waondoka leo, na wanafunzi wengine wanautimiza kweli: wanafika ofisini saa nne, wanakaa pembeni na simu, wiki ya mwisho wanakimbizana kujaza kitabu cha kumbukumbu. Anayenifurahisha ni yule anayeuliza, "Kaka, kuna kazi gani hapa imekwama?" Kuna mafaili hayajapangwa, kuna stoo haijahesabiwa, kuna taarifa ya robo mwaka inayosubiri mtu wa kuingiza takwimu. Ishike moja, uimalize. Siku ya kuaga, omba ruhusa kumtumia msimamizi kama mdhamini, na kila unapoomba kazi mtumie ujumbe mfupi kumweleza ni kazi gani. Simu ikimkuta amejiandaa, atazungumza mambo ya maana juu yako.

Jambo la tatu linahitaji muda mrefu zaidi: cheti cha kitaaluma juu ya shahada. Mhasibu aanze mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, na wa ununuzi na ugavi ya PSPTB, bodi ya fani yake. Mhandisi ajisajili ERB, bodi ya wahandisi, na aulizie mpango wao wa mafunzo kwa wahitimu, ambao ni wa miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Wale wenye shahada pana, za sosholojia, jiografia, historia, msikate tamaa. Tazameni bandari yetu. Zamani meli zilitia nanga mbali na gati na mizigo ikaletwa kwa matishari. Baada ya kina kuongezwa hadi mita 13 na gati za mita 450 kujengwa, meli zinafunga gatini. Kila kontena linaloshuka linahitaji mtu wa kushughulikia nyaraka za forodha. Chuo cha Kodi, kilicho chini ya Mamlaka ya Mapato (TRA), kinatoa cheti cha uwakala wa forodha kinachotambulika Afrika Mashariki. Ningekuwa na mdogo wangu mwenye shahada ya jiografia asiyejua pa kuanzia, ningemtuma huko.

Chongoleani nako najua mnakutazama. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lina urefu wa kilomita 1,443 na linaishia hapa kwetu, kwa hiyo matumaini yana msingi. Ila jueni kwamba ujenzi huhitaji watu wengi kuliko uendeshaji. Ukipata kibarua cha ujenzi kichukue, na ndani yake jifunze kitu kitakachobaki kuhitajika, iwe usalama kazini, umeme, vipimo au mazingira. Na mtu yeyote akikuomba hela ya fomu, ya kupima afya au ya "kukuunganisha na bosi", mkimbie. Nafasi ya halali haiuzwi, na waliotapeliwa hapa mjini ni watoto wa watu wasio na uwezo, waliouza mbuzi wa mzazi ili kulipa.

Ukiitwa kwenye usaili wa Sekretarieti, kwa kawaida kuna mchujo wa kuandika kwanza, kisha mahojiano, na kwa baadhi ya kada kuna vitendo. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo ukishatuma maombi anza kuweka akiba ya safari. Beba vyeti halisi. Kujiandaa, chukua orodha ya majukumu iliyo kwenye tangazo na uandike nusu ukurasa kwa kila jukumu, ukieleza ungelifanyaje. Watu wanakesha na maswali ya kukariri ya kwenye magrupu ya WhatsApp na majukumu hawajayasoma. Msidharau pia usaili wenye nafasi chache, kwani waliofaulu wakakosa nafasi huweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa kazi baadaye.

Wakati mnasubiri, TaESA, huduma ya ajira ya serikali, wana mpango wa kuwaweka wahitimu kazini kwa mafunzo ya uzoefu, jisajilini. Mnaotaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Na mliosoma kwa mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, mkipatana mshahara kumbukeni asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa kurejesha.

La mwisho ni dogo, nalo linapoteza watu kila msimu. Namba ya simu uliyoandika kwenye barua iwe hewani, na ipokee hata namba usiyoijua. Ukibadilisha laini, ingia Ajira Portal, mfumo wa Sekretarieti wa kuombea kazi mtandaoni, siku hiyo hiyo uibadilishe na kule. Nywila ya barua pepe iandike kwenye daftari, uliache nyumbani kwa mtu unayemwamini.