Jibu: Chaza wa moto kufa maji yakiwa safi

Pole sana ndugu yangu wa Malindi. Umesema kwenye tangi lako la kufugia viumbe wa bahari kipimo cha chumvi kilikuwa 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), joto nyuzi 26, maji safi kabisa, na bado chaza wako wa moto, yule mwekundu, amekufa katika mwezi wa tatu wa kumfuga. Naamini ni njaa, na usafi huo huo umechangia. Chaza huyu hali vipande vya samaki. Mchana na usiku huchuja maji kwa matamvua yake, akinasa vijimea visivyoonekana kwa macho, na kichujio chako kikali kinamnyang'anya vyote. Hudhoofika polepole, ndiyo maana wengi hudhani ni ugonjwa.

Ukitaka kujaribu tena (ningekusihi usubiri kwanza), tafuta mbegu ya vijimea uikuze nyumbani kwenye chupa: maji ya chumvi, mbolea kidogo, taa na pampu ya hewa. Mlishe kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Mwachie pango la mawe lenye giza. Akishajishikiza kwa nyuzi zake usimvute, utamjeruhi. Usiweke kaa wowote kwenye tangi hilo.

Na tafadhali, usimtoe mwingine ndani ya hifadhi yetu ya bahari ya Malindi. Imelindwa tangu 1968, humo hata kombe tupu haliokotwi.