Bakteria aliyekufa atanisaidiaje tumboni?

Swali: Daktari, nina miaka 51, naishi Umoja hapa Nairobi. Mwaka jana nilipatikana na kisukari, nikaandikiwa metfomini gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni. Sukari imeshuka, lakini tumbo limenikataa: gesi, na kuendesha karibu kila siku. Binti yangu aliye Ujerumani amenitumia kichupa cha bakteria waitwao Akkermansia, akasema kinatengeneza tumbo na sukari pia. Nikasoma lebo, nikakuta bakteria hao wameuawa kwa joto. Sasa mtu aliyekufa anafanya kazi gani? Je, naweza kuacha metfomini nitumie hiki? Na nikiweke kwenye friji?

Jibu: Mama, nianze na lile linaloweza kukudhuru. Usiache metfomini. Kuendesha na gesi ni madhara yake yanayojulikana sana, na mara nyingi yana dawa rahisi: unaimeza katikati ya chakula badala ya tumbo likiwa tupu, au daktari anapunguza kipimo kisha anakipandisha polepole, au anakubadilishia ile metfomini inayoyeyuka polepole. Hii ya mwisho imewaokoa wengi waliokuja kaunta yangu wakisema wamechoka na choo. Mwambie daktari wako wiki hii. Usivumilie kimya, na usijikatie dawa mwenyewe.

Sasa bakteria wako. Swali lako limegusa mahali ambapo hata watafiti walishangaa.

Akkermansia muciniphila alitambuliwa mwaka 2004 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi. Jina la kwanza linamuenzi Antoon Akkermans, mtaalamu wa viumbe vidogo wa huko. La pili maana yake ni mpenda ute. Ndivyo alivyo. Anaishi kwenye ule ute unaotanda juu ya ukuta wa utumbo, na chakula chake ni ute huohuo. Kwa watu wengi wenye afya huwa kati ya 1 na 4 katika kila bakteria 100 wa utumbo, na kwa wenye unene uliopindukia au kisukari cha aina ya pili mara nyingi hupatikana wachache zaidi.

Mwaka 2013 kundi la Patrice Cani, Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, liliwapa panya wanene bakteria hawa wakiwa hai. Ute ulioliwa haukuisha, bali uliongezeka unene, na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Walipowapa bakteria waliouawa kwa joto kali la nyuzi 121, hakuna kilichotokea. Hapo kila mtu angesema kama wewe: aliyekufa hana kazi.

Lakini mwaka 2017 walijaribu tena kwa joto la upole: nyuzi 70 kwa dakika 30, karibu na lile la kusafishia maziwa. Bakteria walikufa, na bado panya walipata nafuu, tena kuliko waliopewa walio hai. Sababu iko kwenye ngozi ya bakteria. Kuna protini inayoitwa Amuc_1100 kwenye utando wake wa nje, na protini hiyo inastahimili nyuzi 70. Inagusa kipokezi kiitwacho TLR2 kwenye seli za ukuta wa utumbo, na seli zile zinakaza maungio yake ili uchafu wa bakteria wengine usipenye kuingia kwenye damu na kuwasha uvimbe mwilini. Mwili hauulizi kama mgeni ana uhai. Unapapasa umbo lake. Jambo hili si geni kwako: watoto wetu huchomwa sindano ya polio yenye virusi vilivyouawa, na mwili wao hujifunza kutokana na umbo tu. Kwa hiyo ukiona kichupa kimeandikwa "aliyeuawa kwa joto", la muhimu ni kiasi cha joto lililotumika.

Panya si Mama wa Umoja, basi tuje kwa binadamu. Utafiti unaotajwa kwenye matangazo yote ulitoka Ubelgiji mwaka 2019. Waliomaliza ni watu 32, wenye uzito uliozidi na miili inayokaidi insulini, wakagawanywa makundi matatu: vidonge vitupu visivyo na bakteria, bakteria hai, na bakteria waliopashwa joto, bilioni 10 kwa siku kwa miezi 3. Waliotumia wale waliopashwa joto waliitikia insulini vizuri zaidi kwa takriban asilimia 29 wakilinganishwa na waliopewa vidonge vitupu, na kolesteroli yao ikashuka kwa karibu asilimia 9. Uzito ulipungua kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuthibitisha kwamba kazi hiyo ilifanywa na bakteria. Na hapa ndipo ninataka usimame: sukari yenyewe ya kwenye damu, pamoja na kile kipimo cha miezi 3, HbA1c, haikubadilika. Tena watu hao hawakuwa wakimeza dawa za kisukari. Hakuna namna ya kuchukua matokeo hayo na kuyaweka mahali pa metfomini yako.

Kuna jambo lingine linalonifurahisha kukuambia: metfomini yenyewe huongeza Akkermansia utumboni. Dawa unayotaka kuiacha inamlisha yuleyule unayetaka kumnunua.

Je, kichupa kina hatari? Mwaka 2021 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipitia bakteria huyu aliyepashwa joto na kuona ni salama kwa watu wazima hadi seli bilioni 34 kwa siku; wajawazito na wanaonyonyesha hawakuruhusiwa. Soma lebo yako uone idadi isizidi hapo. Ukikuta herufi CFU, shuku, kwa sababu hicho ni kipimo cha bakteria wanaoweza kuota, na maiti haoti. Ukikuta maneno "hutibu kisukari", usikimeze kabisa. Kama kinga yako imeshushwa na dawa au ugonjwa, muulize daktari kwanza. Vinginevyo, ukitaka kukitumia juu ya dawa zako, sitakukataza; mwambie tu daktari, na mpime HbA1c baada ya miezi 3 ili ujue kama pesa za binti zinakwenda mahali.

Na chakula, tafadhali. Panya walionyimwa kabisa nyuzinyuzi waliona bakteria wanaokula ute, huyu akiwemo, wakiongezeka na kuutafuna ute hadi ukawa mwembamba. Upe utumbo wako kazi nyingine: managu, terere, ndengu, githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi. Ongeza polepole, maana tumbo lako sasa hivi lina hasira.

Friji huhitaji, isipokuwa lebo iseme hivyo. Akkermansia hai hapatani na hewa, ndiyo maana ni vigumu kumhifadhi. Aliyekwisha kufa hana cha kupoteza. Kabatini, pakavu, mbali na jiko.